SOMO LA TANO: HUDUMA KAMILI YA TIBA KWA MBWA NA PAKA
Unachostahili kupata na unachopaswa kuuliza

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
(a) kutambua mtaalamu na kituo kinachoruhusiwa kutoa huduma ya afya ya wanyama;
(b) kueleza hatua za huduma kamili, kuanzia uchunguzi hadi ufuatiliaji;
(c) kukagua chanjo na kumbukumbu zake kabla ya kulipa;
(d) kuepuka dawa zinazoua mbwa na paka majumbani;
(e) kuchukua hatua sahihi mnyama anapomng'ata mtu;
(f) kuwasilisha lalamiko mahali panapostahili.

1. Utangulizi

Watu wengi hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi na paka kwa ajili ya kudhibiti panya. Wengine huwafuga kwa mapenzi tu. Vyovyote iwavyo, mnyama huyu huishi karibu na watoto, hulala barazani, na maradhi yake mengine hayaishii kwake. Kichaa cha mbwa, homa ya mgunda na baadhi ya minyoo hutoka kwa mnyama kwenda kwa binadamu. Kwa sababu hiyo, mlaji anayenunua huduma ya tiba ya mbwa ananunua pia usalama wa nyumba yake na wa mtaa wake.

Huduma hii ina ugumu wake. Mnunuzi wa unga huuona unga na kuupima. Mnunuzi wa chanjo haoni kilicho ndani ya chupa, wala hawezi kujua siku hiyo kama imefanya kazi. Mnyama naye hawezi kusema panapouma. Mlaji analazimika kuamini, na imani isiyo na maswali ndiyo inayotumiwa vibaya na wachache wasio waaminifu. Somo hili linaeleza maswali hayo ni yapi.

2. Nani anaruhusiwa kumtibu mnyama wako?

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania, chombo kinachosimamia taaluma hii. Daktari wa wanyama ni mhitimu wa shahada ya tiba ya wanyama, kama ile inayotolewa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na ni lazima asajiliwe na Baraza. Wapo pia wataalamu wasaidizi wenye stashahada au astashahada, ambao nao hutambuliwa na Baraza na hufanya kazi kwa mipaka ya kiwango chao, chini ya usimamizi wa daktari. Vituo vya kutolea huduma navyo husajiliwa.

Mtaani watu hao wote huitwa "daktari". Si kosa la adabu, lakini mlaji anapaswa kujua tofauti. Mtaalamu msaidizi anaweza kukuhudumia vizuri katika kuogesha, kutoa dawa ya minyoo au kushiriki kampeni ya chanjo. Kumfungua mnyama tumbo, kutafsiri picha ya eksirei au kuamua tiba ya ugonjwa mzito ni kazi ya daktari aliyesajiliwa.

Omba kuona cheti cha usajili cha mwaka husika. Katika kituo chenye utaratibu mzuri, cheti cha daktari na cha kituo hubandikwa ukutani mahali panapoonekana. Daktari anayekufuata nyumbani anapaswa kuweza kukutajia jina lake kamili na namba yake ya usajili bila kukasirika.

3. Duka la dawa, kliniki na hospitali

Maeneo haya matatu hayatoi huduma sawa.

Duka la dawa za mifugo huuza dawa, chakula na vifaa. Si mahali pa kumpasua mnyama, wala muuzaji hapaswi kukuchagulia antibiotiki kwa kusikiliza maelezo yako kaunta. Antibiotiki zinazotolewa kiholela huchangia usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na usugu huo huturudia sisi wenyewe hospitalini.

Kliniki hupokea wagonjwa wa kuja na kuondoka: uchunguzi, chanjo, kufunga kidonda, upasuaji mdogo kwa kadiri ya vifaa vilivyopo.

Hospitali ya wanyama ina uwezo wa kumlaza mgonjwa, kumwangalia usiku, kumfanyia upasuaji mkubwa na kumpima kwa vifaa vyake au kwa kupeleka sampuli maabara. Neno "hospitali" kwenye kibao halitoshi. Uliza: Je, kuna daktari usiku? Je, wanyama wenye maradhi ya kuambukiza hutengwa na wengine? Je, kipimo cha damu hufanyika hapa au hupelekwa kwingine, na majibu huja baada ya muda gani? Ikiwa kituo hakina uwezo, jibu la heshima ni kukupa barua ya rufaa mapema. Kituo kinachokubali kila kesi bila kuwa na vifaa humpotezea mnyama muda aliokuwa nao.

4. Uchunguzi unavyopaswa kuwa

Huduma kamili huanza kwa maswali. Daktari atataka kujua umri wa mnyama, chanjo alizopata, anachokula, lini alianza kuugua, kama ametapika au kuharisha, kama amepewa dawa yoyote nyumbani. Jibu kwa ukweli, hata pale ukweli unapokuaibisha. Dawa uliyompa jana usiku inaweza kubadili tiba ya leo.

Kisha hufuata kupima uzito, kwa kuwa dozi za mbwa na paka huhesabiwa kwa kilo. Dawa iliyotolewa kwa kukadiria kwa macho ni dalili mbaya. Baada ya uzito, daktari hupima joto la mwili: kwa mbwa na paka wazima wenye afya huwa kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo joto ambalo kwa binadamu lingekuwa homa, kwao ni la kawaida. Atatazama rangi ya ufizi, macho, masikio, ngozi na meno, atasikiliza moyo na mapafu, atagusa tumbo. Pale inapohitajika, ataagiza kipimo cha damu, kinyesi, mkojo, eksirei au ultrasaundi.

Mlaji ana haki ya kuelezwa kila kipimo kinatafuta nini na majibu yake yatabadili nini katika tiba. Mfano mzuri ni maradhi yanayoenezwa na kupe, ambayo ni ya kawaida kwa mbwa wa ukanda wetu. Mbwa huwa mnyonge, hupata homa, ufizi hupauka, na pengine hutokwa damu puani. Vimelea vya aina mbili tofauti vinaweza kuleta hali inayofanana, na dawa zake si moja. Kipimo cha damu chini ya hadubini hapo si anasa.

5. Chanjo: bidhaa isiyoonekana

Sehemu hii inastahili kusomwa kwa utulivu, kwa kuwa hapa ndipo hasara ya mlaji inaweza kuwa uhai wa mtu.

Kichaa cha mbwa huua karibu kila anayeonyesha dalili zake, awe mnyama au binadamu. Hakuna tiba baada ya hapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa ugonjwa huu, na katika visa 99 kati ya 100 vya binadamu chanzo ni mbwa. Wengi wa wanaokufa wako Afrika na Asia, na karibu nusu yao ni watoto. Ugonjwa huu, hata hivyo, unazuilika: pale angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wa eneo wanapochanjwa, maambukizi hukosa njia ya kusonga mbele.

Mbwa na paka huchanjwa dhidi ya kichaa kuanzia takriban wiki 12 za umri, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, kisha kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji na utaratibu wa mamlaka za eneo. Mbwa huhitaji pia kinga dhidi ya parvo, distempa, homa ya ini ya mbwa na homa ya mgunda. Paka huchanjwa dhidi ya mafua ya paka na panlukopenia, ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaoua vitoto kwa haraka.

Wateja wengi hulalamika kwamba mtoto wa mbwa huchanjwa mara tatu na kulipiwa mara tatu. Hakuna ulaghai katika hilo. Maziwa ya mwanzo ya mama humpa mtoto kinga ya kuazima, na kinga hiyo, ikiwa bado mwilini, huizima chanjo. Kwa kuwa hakuna ajuaye siku hasa itakapokwisha, dozi huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 4, mpaka mtoto afikishe angalau wiki 16. Anayeacha baada ya dozi ya kwanza ana kadi, lakini huenda hana kinga.

Chanjo hutakiwa kutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi kwenye sindano. Chupa iliyosafiri mfukoni kwa bodaboda wakati wa jua la mchana, au iliyogandishwa kwa uzembe, yaweza kuonekana safi kabisa na isiwe na kazi yoyote. Kwa hiyo, kabla sindano haijachomwa, fanya yafuatayo:

(i) Tazama chanjo inapotolewa. Iwe imetoka kwenye jokofu au kwenye kasha lenye barafu.
(ii) Omba kuiona chupa. Soma jina la chanjo, tarehe ya kwisha muda na namba ya toleo.
(iii) Hakikisha lebo ya chupa imebandikwa kwenye kadi ya mnyama, au namba ya toleo imeandikwa humo.
(iv) Hakikisha kadi ina jina la mnyama, umri, jinsia, rangi au alama, tarehe ya chanjo, tarehe ya kurudia, pamoja na jina, sahihi na muhuri wa mtoa huduma.
(v) Mweleze daktari ikiwa mnyama anaumwa. Mnyama mgonjwa mara nyingi huahirishiwa chanjo.

Kadi inayouzwa bila mnyama kuchanjwa ni hati ya uongo. Anayeinunua ili apate kibali cha kusafirisha mbwa hudhani amepunguza gharama. Tuchukulie kwamba mbwa huyo baadaye anamng'ata mtoto wa jirani, na wazazi, wakionyeshwa kadi, wanatulia nyumbani wakiamini hakuna hatari. Hapo karatasi hiyo imemnyima mtoto siku ambazo tiba ingemwokoa.

Mlaji asiye na uwezo asikate tamaa. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na katika kipindi hicho kampeni za chanjo za bure au za gharama nafuu huendeshwa katika maeneo mbalimbali. Ulizia kwa afisa mifugo wa kata yako.

6. Dawa zilizomo nyumbani zinazoua

Mnyama hana mwili wa binadamu mdogo, na paka si mbwa mdogo. Makosa yafuatayo hufanywa kwa nia njema:

Parasetamoli. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake haliwezi kuivunjavunja dawa hiyo. Ufizi hubadilika kuwa wa kahawia au bluu, uso huvimba, pumzi hukatika.

Ibuprofeni na diklofenaki. Kwa mbwa huleta vidonda vya tumbo vinavyovuja damu na kuharibu figo.

Permethrini. Baadhi ya dawa za matone za kuua viroboto vya mbwa, na viuatilifu vingi vya wadudu, zina kemikali hii. Paka akipakwa hutetemeka, hupata degedege na huweza kufa.

Dawa za kuogeshea ng'ombe. Dawa yenye amitrazi isitumike kwa paka, na kwa mbwa itumike kwa kipimo cha daktari pekee. Aivamektini ya sindano iliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe ni kali; tone la kukadiria laweza kuwa dozi kubwa mno kwa mbwa, na baadhi ya mbwa wa jamii ya kolli huidhurika hata kwa dozi ambazo wengine huzimudu.

Vyakula navyo vina madhara: chokoleti, zabibu, vitunguu, na peremende au bazoka zisizo na sukari zenye zailitoli. Mnyama akila chochote kati ya hivi, chukua pakiti yake na uende nayo kwa daktari. Usimtapishe kwa chumvi wala kwa mafuta.

7. Upasuaji na ridhaa

Upasuaji wa kawaida zaidi ni wa kuhasi madume na kuondoa kizazi kwa majike. Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, na mimba yake huchukua takriban wiki 9. Ndiyo maana nyumba yenye paka wawili huwa na paka wengi kabla ya mwaka kwisha. Jike aliyeondolewa kizazi hawezi tena kupata usaha katika mfuko wa uzazi, ugonjwa unaoua majike wengi wa umri mkubwa. Mbwa asiyezurura kutafuta mwenza hupunguza pia hatari ya uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kujamiiana, ambao ni wa kawaida kwa mbwa wa mitaani.

Kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa, pata majibu ya maswali haya: Nani atapasua? Nani ataangalia pumzi na mapigo ya moyo mnyama akiwa usingizini? Atapewa dawa gani ya maumivu, wakati wa upasuaji na siku zinazofuata? Nyuzi zitatolewa lini? Nimpigie nani usiku akitokwa damu? Kumkata mnyama bila dawa ya usingizi au ganzi kunakinzana na misingi ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na bei nafuu haihalalishi jambo hilo.

Ikiwa daktari anashauri mnyama aondolewe uhai bila maumivu kwa sababu mateso yake hayana tiba, unastahili kuelezwa sababu, kuuliza maoni ya daktari mwingine ikiwa hali inaruhusu, na kutoa ridhaa kwa maandishi.

8. Gharama na risiti

Migogoro mingi kati ya mlaji na mtoa huduma hutokana na bei ambayo haikusemwa mapema. Chukua mfano wa parvo. Mtoto wa mbwa ambaye hakuchanjwa huanza kutapika na kuharisha damu. Hakuna dawa ya kuua kirusi hicho. Tiba ni kuubeba mwili hadi ujikomboe wenyewe: dripu, dawa za kuzuia kutapika, antibiotiki kwa ajili ya bakteria wanaopenya kwenye utumbo ulioharibika, na uangalizi wa karibu kwa siku kadhaa. Mgonjwa anaweza kufa hata baada ya yote hayo.

Mlaji aliyeelezwa hivyo huamua akijua. Asiyeelezwa hukuta bili ya siku tano na mbwa aliyekufa, akaamini ameibiwa. Kwa hiyo, omba makadirio ya maandishi yanayotenganisha ada ya kumwona daktari, vipimo, dawa na kulazwa kwa siku. Taja kiwango unachoweza kumudu, na uombe kupigiwa simu kabla hakijavukwa. Si aibu kusema kipato chako. Daktari mzuri atakueleza kipi ni cha lazima na kipi kinaweza kusubiri.

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, pamoja na nakala ya kumbukumbu za matibabu. Ukihamia kituo kingine, kumbukumbu hizo zitakuepusha kulipia vipimo vilevile mara mbili.

9. Dalili zisizosubiri kesho

Mpeleke mnyama hospitali mara moja ukiona: paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo, tumbo la mbwa mkubwa lililovimba ghafla huku akijaribu kutapika bila kutoa kitu, ufizi mweupe, kupumua kwa shida, degedege, jike aliyesukuma kwa muda mrefu bila kuzaa. Paka aliyezibwa mkojo anaweza kufa katika siku moja au mbili.

10. Mnyama akimng'ata mtu

Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Usipake pilipili, mafuta wala majani. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo na hata kama mbwa ana kadi ya chanjo. Mhudumu wa afya ndiye atakayeamua kuhusu chanjo ya binadamu. Ukianzishiwa dozi, zikamilishe. Dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi 2 hadi 3, hivyo kujisikia mzima wiki ya kwanza hakumaanishi kuwa umepona.

Mtaarifu afisa mifugo. Ikiwa mbwa anaweza kufungiwa kwa usalama, asiuawe papo hapo: atengwe na kuangaliwa kwa siku 10. Akifa au akilazimika kuuawa, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu wala kuzikwa kabla ya mtaalamu kuamua kuhusu sampuli ya maabara.

11. Lalamiko lipelekwe wapi?

Anza na kituo chenyewe, kwa maandishi, ukiambatisha risiti na kumbukumbu. Usiporidhika:
- kuhusu mwenendo wa mtaalamu, au mtu asiyesajiliwa, liandikie Baraza la Veterinari Tanzania;
- kuhusu dawa bandia, iliyokwisha muda au isiyosajiliwa, itaarifu Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba;
- kuhusu matangazo ya uongo au bidhaa bandia sokoni, ifikie Tume ya Ushindani;
- kuhusu ukatili au tukio la ugonjwa, mwone afisa mifugo wa kata au wa halmashauri.

Tofautisha matokeo mabaya na huduma mbaya. Mnyama kufa si ushahidi wa kosa. Kukosekana kwa uzito kwenye kumbukumbu, kwa fomu ya ridhaa, kwa jina la dawa iliyotumika au kwa jina la aliyeitoa ni mambo yanayoweza kuthibitishwa.

12. Maswali ya kujipima

1. Chukua kadi ya mnyama wako. Je, ina lebo au namba ya toleo la chanjo, na tarehe ya kurudia imepita?
2. Kwa nini mtoto wa mbwa hurudiwa chanjo zaidi ya mara moja?
3. Jirani anampa paka wake nusu ya kidonge cha parasetamoli kwa ajili ya homa. Utamwambia nini?
4. Mbwa mwenye kadi halali amemkwaruza mtoto. Taja hatua tatu za kwanza.
5. Taja mambo manne utakayoyauliza kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa ya upasuaji.

Andika nyuma ya kadi ya mnyama wako, leo, namba ya simu ya kituo unachokiamini na ya afisa mifugo wa kata. Namba hizo hutafutwa kwa shida sana usiku wa manane.